Sauti ya Bibi Dukani

Juzi fundi wa kompyuta pale Bariadi alihamishia diski yangu kwenye mashine mpya, akataka nimwachie ya zamani. Nikamwambia afungue picha zangu kwanza. Alicheka, nami nikakumbuka alasiri moja ya utotoni.

Baba alikuwa amenipeleka dukani kwa Mzee Salumu kubadilisha redio kaseti yetu ndogo kwa kubwa. Duka lilinukia mafuta ya taa na khanga mpya. Bibi yangu alikuwa amefariki, na sauti yake tuliinasa kwa ile ndogo. Niliamini imo ndani ya redio, kwa hiyo niliikumbatia.

"Sauti iko kwenye kanda, mwanangu," baba alisema, akiichomoa.

"Umejuaje?" nilimuuliza.

"Huyu binti yako atakuwa hakimu," Mzee Salumu akasema.

"Iwekeni kwenye hiyo kubwa kwanza, tusikie," nilisema.

Baba aliona haya, lakini akaiweka. Kanda ilikwaruza, kisha bibi akasalimia kama alivyomsalimia kila mgeni aliyeingia kwetu mchana: "Mwadila."

Mzee Salumu, aliyekuwa akikunja khanga, aliitikia bila kuinua kichwa, akimwita mama kwa Kisukuma: "Mwadila, mayu."

Ndipo nilipoiachia redio ya zamani.