Mosfet ya juu ilivyonitesa, hadi mayai ya mama mkwe yakapona

Wakuu, heshima zenu wote, wenye vyeti na sie wa mtaani. Haya yamenitokea mie mwenyewe hapa Kiwalani, sina cha kuongeza wala kupunguza. Mods, tafadhali msiuhamishie uzi kwenye jukwaa la ufugaji eti kwa sababu una mayai.

Mie ni fundi wa vifaa vya umeme. Mama mkwe wangu ni mwalimu mstaafu, anakaa Mbweni, anatotolesha vifaranga kwa mashine. Umeme ukikatika kwa saa nyingi mayai yanapoa, na yakipoa wiki ya mwisho kifaranga anafia ndani ya ganda.

Kuna awamu moja aliyapoteza yote, trei kwa trei.

Alilia, wakuu. Mtu mzima, mwalimu, kashika yai mkononi analia. Nikajikuta naropoka: "Mama, nitakuundia inveta kwa mikono yangu."

Mke wangu akanikanyaga mguu, lakini nilishasema.

Mnajua ukwe ulivyo. Mteja ukimharibia kazi anakutukana, yanaisha. Mkwe hakutukani. Anakukaribisha chai vizuri kabisa, na chai yenyewe haipiti kooni.

Basi nikaunda hiyo mashine ya kugeuza umeme wa betri uwe kama wa nyumbani. Mwishoni mwa inveta yangu kuna mosfet mbili, yaani swichi za kielektroniki, zimepandana, moja juu, moja chini. Zinapokezana kuwaka mara hamsini kwa sekunde, ndipo unapata umeme wa kuendesha mashine. Sakiti ya kuziamrisha niliinakili kama ilivyo kutoka kwenye bodi mbovu ya chaja ya bajaji ya umeme. Nani asiyefanya hivyo?

Nikawasha. Dakika nne, pah! Mosfet ya juu imekufa.

Nikafanya tunachofanyaga mafundi wote wa mji huu: nikasema feki. Nikaenda Kariakoo kununua nyingine, pah! Nikanunua kubwa zaidi, pah! Safari ya tatu nilimfokea muuza spea mbele ya wateja wake, nikamwita tapeli. Jamaa akageukia mteja mwingine.

Siku hiyohiyo mama mkwe akapiga simu.

"Baba Neema, mayai nimeshayaweka. Leo siku ya kumi."

"Mama, si ungesubiri kwanza?"

"Nisubiri nini, na wewe ulishasema?"

Jasho lilinitoka. Vifaranga hutoka siku ya ishirini na moja, kwa hiyo nilibakiwa na siku kumi na moja tu, na mezani nina rundo la mosfet zilizoungua.

Nikaweka mpya, nikawasha dakika mbili, nikazima, nikachomoa kila kitu, nikagusa. Ya juu inaunguza kidole. Ya chini baridi kabisa. Na zote zimetoka pakiti moja! Nikazibadilisha, iliyokuwa chini nikaipandisha juu. Nayo ikafa.

Hapo ndipo nikakaa kwenye stuli nikajiuliza, feki gani hii inayochagua ghorofa?

Nisikilizeni vizuri wenye inveta zinazoungua upande mmoja. Mosfet ya chini kuiwasha ni rahisi, unaipa volti kumi na mbili, basi. Ya juu ikiwaka, yenyewe inakuwa imepanda kwenye volti kubwa, kwa hiyo zile kumi na mbili zako lazima zipande nayo. Ni kama nyumba ambayo maji ya bomba yanafika chini tu, wa ghorofani lazima apandishiwe ndoo. Ndoo yenyewe ni kapasita. Ya chini ikiwaka inajazwa, ya juu ikiwaka inaitumia.

Kwenye ile chaja zinapokezana maelfu ya mara kwa sekunde, kwa hiyo kapasita ndogo inatosha. Yangu ni mara hamsini tu. Ya juu ilikuwa inaishiwa kabla zamu haijaisha, inabaki imewaka nusunusu, inachemka mpaka inakufa. Nilinakili sakiti, sikujiuliza ilikuwa inafanya kazi gani!

Nikaunga balbu kwenye njia ya umeme ili hitilafu isiunguze kitu, nikapima ile kapasita. Natarajia volti kumi na mbili, naona saba. Nilipiga kelele mpaka jirani akachungulia.

Nikatoa ya mikrofaradi 0.1, nikaweka ya 22. Nikahakikisha pia ya chini ndiyo inaanza kuwaka, ili ya juu ikute kapasita imeshajazwa. Nikawasha. Dakika nne. Saa nzima. Nikagusa zote mbili, vuguvugu sawasawa. Wakuu, nilicheza singeli peke yangu!

Kesho yake nilienda Kariakoo kumwomba radhi yule muuza spea. Akacheka: "Braza, wewe ndo wa kwanza kurudi."

Siku ya kumi na tisa nikiwa Mbweni, inveta nimeshaifunga, umeme ukakatika saa nne asubuhi. Ulirudi saa tisa alasiri. Saa tano zote mama mkwe kakaa anatazama kipimajoto, mie natazama inveta. Joto halikushuka hata nusu digrii.

Siku ya ishirini na moja alinipigia, akaweka simu karibu na mashine. Nikasikia piu piu piu, sijui vifaranga wangapi.

Jumapili iliyofuata akina mama wa jumuiya walienda kumpongeza, nami nilikuwepo. Mara nyumba nzima ikazima, feni kimya, redio kimya, mashine tu inawaka. Nikakimbilia kuangalia tatizo. Namkuta mama mkwe ukutani, mkono kwenye meni swichi, kaizima mwenyewe makusudi, anawaambia wenzake: "Mnaona? Hiyo ni kazi ya mwanangu."

Nilichojifunza: kitu kikiungua mara mbili mahali palepale, acha kumlaumu aliyekuuzia, pima. Wajuzi nisahihisheni nilipokosea, na nyie mliowahi kuwafanyia kazi wakwe zenu, njooni tupeane moyo hapa chini.