Mkono wangu ulivimba bila mkonge

Leo binti yangu amerudi na duara la kalamu mkononi, na tangu hapo mimi situlii.

Ameajiriwa matroni wa bweni hapa Voi. Kabla hajaanza, wamemdunga ile sindano ya ngozi ya kupima TB, wakapazungushia kalamu. Kesho kutwa wataangalia kama pamevimba.

Mimi nilidungwa hiyo hiyo miaka ya sabini, nikikata mkonge na kuishi kambi ya shamba. Tulilala wanane chumba kimoja, na mwenzetu mmoja alikuwa amepelekwa hospitali akikohoa damu.

Sisi tulijua chanjo ya ndui tu. Isipovimba, unachanjwa tena, na hii tukadhani ni hivyo hivyo. Basi usiku wenzangu wakajipaka utomvu wa mkonge, ule unaowasha vibaya. Mimi nilikuwa nimechoka, nikalala.

Siku ya kuangaliwa, mikono yote imefura kama maandazi. Dresa, mhudumu wa zahanati ya kambi, akashika kiuno.

"Nyinyi nyote? Anayevimba ndiye ameambukizwa TB, hata kama haumwi."

Mwakio, jirani yangu wa kitanda, akacheka. "Bwana dresa, huu ni mkonge tu." Wengine nao wakakiri, wanacheka mpaka machozi.

Nilicheka nao. Lakini mimi sikuwa nimejipaka kitu.

Baadaye nilimweleza dresa peke yetu, nikameza vidonge miezi mingi na sikuugua. Binti hajui. Sasa hivi ameniuliza, "Baba, mbona unauangalia mkono wangu kila nikipita?"

Nyinyi mngemjibu nini?