Pete Iliyovuliwa kwa Sabuni

Jirani yangu hapa Edmonton, Priscilla, ni mlinzi katika jumba la makumbusho. Miaka kumi na mmoja amesimama kando ya kabati la kioo lenye pete za uchumba na za ndoa za Waingereza wa zama za kati, na msinidanganye kwamba yuko profesa anayezijua kumshinda. Huwaonyesha wageni ile yenye mikono miwili iliyoshikana: ilikuwa ahadi, ukiivaa umefungwa. Huwaeleza kwamba maneno ya mapenzi yalichongwa upande wa ndani, yaguse ngozi, na kwamba watu waliamini kidole cha pete kina mshipa unaofika moyoni. Hapo huinua mkono wake, waione pete aliyovishwa na mumewe Titus kanisani Machakos.

Titus alikuwa dereva wa basi, mtu mwenye adabu hadi inakera. Sasa ana ugonjwa wa kusahau. Zaburi anazikumbuka, na mke wake anamkumbuka pia, ila ni msichana wa miaka ishirini na mbili. Huyu mama mwenye mvi anayekuja kumwogesha hamjui.

Mwezi wa pili alianza kukataa. Priscilla akigusa kifungo cha shati, Titus anaitazama pete, anausukuma mkono.

"Mama, wewe ni mke wa mtu. Bwana yako atasema nini?"

"Bwana yangu ni wewe, Titus."

"Wacha mchezo. Enda kwako."

Siku nne hakuoga, akakaa na mkojo wake, ngozi ikaanza kuchubuka. Nesi akaonya kwamba vidonda vikitoka atapelekwa makao ya wazee. Ndipo Priscilla akanieleza, nami nikamkaripia: mficha maradhi kifo humuumbua. Kisha nikamwambia avue pete. Nilijiona nina akili sana. Alinitazama kana kwamba nimemtukana, halafu akaenda kupaka kidole sabuni, maana haikuwahi kutoka tangu harusi.

Ilifaa, na hilo ndilo linaloniuma. Titus alikiona kidole kitupu, akatulia, akaoshwa, akapakwa mafuta. Priscilla alikuwa analia waziwazi, na mimi nimesimama mlangoni na taulo. Alipomaliza kumvalisha, Titus alimshukuru vizuri.

"Sasa tafadhali ngoja huko nje," akasema. "Mke wangu yuko njiani. Sitaki akukute hapa."

Priscilla akatoka.