Sumaku Ilipogeuzwa

Mama alikwenda maabara kumwachisha binti yake kazi. Wifi yake, aliyemsindikiza, alimjaza hofu njia nzima.

"Wifi, mionzi si mchezo. Mtoto atakuja kung'aa gizani kama jicho la paka, nani atamwoa?"

Walimkuta binti amevaa miwani mikubwa, mbele yake meza imejaa vioo vidogo.

"Shikamooni. Kaeni pale ukutani, wageni wa mkuu wa maabara wanaingia sasa hivi."

"Marahaba. Hiyo mionzi yenu..."

"Ya terahezi, mama, mawimbi yaliyo kati ya redio na mwanga. Haina ubavu wa eksirei. Inapenya nguo na karatasi, basi."

Akawaonyesha kioo kilichopakwa metali mbili, nyembamba kupita utando wa kitunguu. Moja ni ya sumaku. Elektroni zake, yaani chembe za umeme, huzunguka kama pia, na sumaku ya pembeni huzielekeza upande mmoja. Leza ikipiga, kufumba na kufumbua, elektroni hukimbilia metali ya pili, hupindishwa njia, na hapo ndipo wimbi la terahezi linapochomoka.

"Nikigeuza sumaku, mstari wa wimbi kwenye skrini ile lazima upinduke juu chini. Usipopinduka, wimbi limetoka kwingine."

"Na unapinduka?"

Binti akaikazia macho sumaku. Mama aliyajua macho yale. Ni ya ukaidi.

Wageni wakaingia. Mkuu wa maabara akawaonyesha mstari, wakapiga makofi. Binti akaishika sumaku.

"Acha," mkuu akanong'ona.

"Nageuza."

Akageuza. Mstari haukutikisika, kama mtu aliyeitwa akajitia kiziwi.

"Wimbi lipo," binti akawaambia wageni, "ila si la elektroni hizi. Mkuu nilimwambia."

Mkuu aliwatoa wageni, akarudi amefura. "Umeniumbua! Kusanya vitu vyako uondoke."

"Sikusanyi. Nitaifungua meza hii kioo kimoja kimoja mpaka nijue wimbi linatoka wapi."

Wifi akamvuta mama mkono. "Si ndicho tulichojia? Mungu kajibu. Tumchukue twende."

Mama akauchomoa mkono wake. Nusu ya mambo yale hayakumwingia, na mionzi bado aliiogopa. Lakini kumfukuza mtu kwa kusema kweli, hilo alilielewa vizuri mno. Akasimama katikati ya binti na mkuu.

"Baba, mimi niliyemzaa nilikuja kumtoa, na nimeghairi. Wewe utamtoa kama nani?"

Mkuu akaipa skrini mgongo.

"Mwanangu," mama akasema bila kugeuka, "igeuze tena. Huyu hajaona vizuri."