Nzi Wangu Walinuka Ndizi

Wenzangu wa bweni, leo nimeaibika mbele ya darasa zima, na aliyeniponza ni Kabula, rafiki yangu.

Mnaijua chupa yangu ya nzi wa matunda. Baadhi yao wamerithi jeni ya kimeng'enya kinachomeng'enya wanga vizuri kuliko cha wenzao. Nilitaka wabaki hao tu na wengine wafe, kwa hiyo niliwalisha michembe tu, vile viazi vikavu vya mama kutoka Samuye.

Nilipolazwa na malaria, nikamwachia Kabula awalishe.

Leo nikasimama darasani na chupa yangu (mnajua ninavyoogopa kusimama).

"Mwalimu, hawa wameishi kwa wanga mtupu, wao na watoto wao!"

Mwalimu akafungua chupa, akanusa.

"Mbona inanuka ndizi mbivu?"

Ndizi mbivu ni sukari. Hapo nzi yeyote angeishi.

Darasa likacheka. Kabula naye akacheka!

Nikamfuata nje. "Michembe iko wapi?"

"Nilikula. Nzi washibe viazi vya mama yako, mimi nilale njaa?"

Nimebandika hii mlangoni ili mwandike hapa chini: nimsamehe?

Kabula, mama alituma mafungu mawili ya michembe. Lako nilikuwekea sandukuni ule wakati wa mtihani. Bado lipo.