Nilivyopeleka Jina Urusi

Nilitoka kijijini kwetu Magwagwa kwa sababu ya jina. Mjukuu wangu Kwamboka, aliyeolewa Urusi na Pavel, alijifungua msichana, mtoto wao wa kwanza. Mama ya Pavel, Galina, akataka mtoto aitwe Galina. Sasa huyo Galina yuko hai, anatembea, anakula. Kwetu mtoto hupewa jina la aliyekufa. Ukimpa la aliye hai, ni kama umemwonyesha huyo mtu njia ya kaburini. Mimi jina la kumpa nilikuwa nalo tayari: Nyaboke, la marehemu mama yangu.

Jumatatu asubuhi jirani yangu Sabina Moraa alinifungia unga wa wimbi, wa uji wa mzazi, na majani ya chai ya kiwanda chetu cha Itumbe. Akaniambia, "Mama Ombati, usirudi na jina la watu."

Uwanja wa ndege wa huko, askari alifungua unga akaunusa. Nilimngoja amalize kunusa. Akanirudishia.

Siku ya tatu Kwamboka alimwachia Pavel mtoto, tukaenda kazini kwa Galina. Yeye analinda nyumba ya mshairi mkubwa wa Warusi, mtu aliyekufa zamani sana, na vitu vyake vyote bado vimepangwa, watu waje kuvitazama. Jina lake kulisema naweza, kuliandika limenishinda. Mlangoni tulivalishwa slipa kubwa za kitambaa juu ya viatu. Nikapiga hodi. Kimya. Nikapiga tena. Wageni wakaanza kujipanga nyuma yangu, wengine wakikohoa.

"Magokoro, ingia tu," Kwamboka akasema, akiniita bibi kwa lugha yetu. "Mwenyewe alishakufa."

"Na akifa ndio niingie kwake kama kuku?"

Galina akatoka kwenye kona yake kuuliza kuna nini. Alipoelezwa, alinishika mkono akanikaribisha kwa lugha yao. Basi nikaingia.

Kiti cha mshairi kimezungushiwa kamba, hakuna anayekikalia. Galina alituonyesha kalamu, kikombe, fimbo. Akataja jina la mpishi wake, la farasi, la mbwa. Kwamboka alikuwa akitafsiri.

"Kaburi liko nyuma ya nyumba?" nikauliza.

"Hapana. Alizikwa mbali, penye kanisa."

"Mtu ana boma zuri hivi, mkamzika kwa wenyewe?"

Hilo Kwamboka hakutafsiri.

Ndipo nikasema kilichonileta. Galina alisikiliza mpaka mwisho.

"Kwa hivyo mpaka nife ndio mtoto apate jina langu?"

"Atalipata. Haraka ya nini?"

"Na wewe umekuja na la nani?"

"La mama yangu."

Akaniangalia. "Kwamboka aliniambia kwenu jina la mtoto wa kwanza hutoka upande wa baba. Ama nilisikia vibaya?"

Nikamgeukia Kwamboka. Kwamboka alikuwa anaangalia dirisha.

"Hukusikia vibaya," nikasema. Nilikuwa nimepanda ndege mbili nikitumaini hawajui.

Wageni wakapita katikati yetu. Halafu nikamuuliza, "Mama yako aliitwa nani?"

Galina alivuta kiti chake akakaa kwanza. Amelinda nyumba hiyo miaka ishirini na miwili. Wageni wamemuuliza jina la farasi, wamemuuliza la mbwa. La mama yake, hakuna.

"Yevdokia," akasema. "Alilima viazi."

"Alikufa?"

"Alikufa."

"Basi ni huyo."

Ijumaa Pavel alimwandikisha mtoto kwa jina hilo. Galina alikunywa uji wa wimbi, akasema una ladha ya udongo, akaongeza kikombe.

Nilirudi Magwagwa baada ya wiki nne. Kabla sijatua mzigo, Sabina aliuliza jina. Nikamwambia: Yevdokia, mama ya Galina, mkulima wa viazi.

"Na Nyaboke?"

"Ameachwa nje."

Sabina akaenda kuchuma chai yake.

Nilichojifunza ni hiki: ukipelekea watu desturi, ipeleke nzima. Ile nusu uliyoificha nyumbani, mjukuu wako alishaifikisha.