Kamba Haisikiki

Kamba ya lifti haisikiki, kamba inashikwa. Hiyo ndiyo amri ambayo fundi lifti mmoja alipewa na fundi mkuu aliyemfundisha kazi, na kwa miaka kumi na saba hakuivunja. Alipanda ngazi mpaka chumba cha mashine juu ya paa, akaiweka lifti kwenye mwendo wa kobe, akaishika kamba ya chuma kwa kitambaa cha pamba na kuiacha ipite mkononi taratibu. Uzi mmoja wa chuma ukiwa umekatika, hunasa kitambaa. Kama hakuna kilichonasa, ndipo unashuka, unatia sahihi kwenye kadi ya ukaguzi, unakwenda zako.

Balaa lake lilikuwa kipaji. Alisimama mlangoni ghorofa ya chini, akafumba macho, na lifti ikishapita mara mbili alikwambia gurudumu lipi limekauka grisi na mlango wa ghorofa ipi umeanza kukwaruza. Wenzake wakambatiza jina la Sikio, hata mkewe akalizoea. Wahenga walisema mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Hawakuwataja mafundi lifti, lakini walikuwemo.

Siku moja, katika jengo la ofisi la ghorofa saba, magoti yalimuuma na lifti ya mizigo ilikuwa inavuma vizuri. Aliisikiliza akiwa chini. Akaweka alama ya vema kwenye kisanduku cha kamba, akatia sahihi, akaondoka. Siku ya kumi na moja kamba zilikatika, lifti ikaporomoka ghorofa nzima kabla breki za dharura hazijaikamata. Ndani alikuwemo mlinzi wa jengo pamoja na maboksi ya karatasi. Mguu wake ulivunjika mara mbili na haukunyooka tena. Ripoti ya kampuni ikasema mzigo ulizidi kipimo. Mlinzi, kwa kuwa ndiye aliyepakia, akafukuzwa kazi angali kitandani. Fundi Sikio hakuulizwa kitu, kwa sababu kadi yake ilikuwa safi. Naye hakusema kitu.

Alinyamaza miaka tisa. Mlinzi alipojifunza kushona viatu na kuweka kibanda karibu na kituo cha mabasi, fundi aliacha kupita mtaa ule. Mkewe alipomuuliza mbona anazunguka, alisema anapenda kutembea. Mwenye magoti mabovu anapenda kutembea! Mama watoto alicheka, akaliacha.

Basi, Jumatatu moja meneja, ambaye umri wake ulikuwa sawa na wa mtoto wa kwanza wa fundi, alimwita ofisini.

"Mzee Sikio, tunaomba ile kazi ya hospitali. Lifti kumi na nne. Wakubwa wa hospitali wataingia kwenye tovuti yetu kuangalia tuna watu gani. Nataka wasifu wako. Maneno mia na ishirini, na picha."

"Bosi, mimi nijisifu? Chema chajiuza, kibaya chajitembeza."

"Hiyo ya zamani, mzee. Siku hizi chema kisipojitembeza kinaozea dukani. Andika kama vile mtu mwingine ndiye anakueleza. 'Yeye ni fundi mwenye uzoefu,' hivyo hivyo. Na usisahau miaka yako na rekodi yako ya usalama. Hospitali wanaogopa ajali kama nini."

Fundi alitoka akiwa na karatasi ya maelekezo mkononi. Maneno yaliyomkaa kichwani ni yale ya mtu mwingine ndiye anakueleza. Alimjua mtu mmoja ambaye angeweza kumweleza sawasawa, naye alikuwa ameketi kwenye kibanda cha viatu.

Alijaribu kuandika mwenyewe, siku tatu, kwenye meza ya jikoni. Kila sentensi aliyoianza iliishia kwenye lifti ile. "Amekagua lifti zaidi ya mia mbili." Alizikagua kweli zote? "Ni mtu makini." Kalamu ilikataa. Alhamisi binti yake, anayefanya kazi ya uhazili katika ofisi ya mawakili, alimnyang'anya karatasi.

"Baba, wasifu si hukumu ya kifo. Nipe majibu, nitapanga mimi. Umefanya kazi miaka mingapi?"

"Ishirini na sita."

"Una kipaji gani ambacho wenzako hawana?"

"Muulize mama yako," akajitahidi kutania.

"Anakoroma na bado anasikia bomba likivuja," mama watoto akajibu kutoka kwenye sinki. "Andika hilo."

Binti akacheka, akaandika. Kisha akauliza bila kuinua macho, "Ajali?"

Maji yalikuwa yanatiririka kwenye sinki. Fundi alisikia kila tone.

"Mimi sijawahi kuumia," akasema.

Hakusema uongo. Hiyo ndiyo njia ya watu waliolelewa vizuri: hawasemi uongo, wanaukaribisha kiti tu. Binti aliandika kwamba katika miaka ishirini na sita hakuna ajali iliyotokea kwenye lifti aliyoikagua yeye, na kwamba hutambua hitilafu kwa kusikiliza tu. Akamsomea baba yake. Fundi aliomba asome mwenyewe, akasoma mara tatu, akasema, "Sawa."

Jumatatu iliyofuata alikuwa mtandaoni, amevaa shati la mistari, macho yakitazama mbele kama ya mtu anayesubiri kofi. Mkewe alituma ukurasa ule kwa ukoo mzima. Shemeji akapiga simu: "Kumbe tumekaa na mtu mkubwa hatujui! Sasa utatusalimia kweli?" Fundi alicheka mahali pa kucheka. Alipokata simu alikwenda chooni, akafunga mlango, akafungua ukurasa kuona kama kuna mtu ameandika neno chini yake. Hakukuwa na neno. Baada ya saa moja akatazama tena. Kazini alitazama akiwa juu ya ngazi, jambo ambalo angemfukuzia mwanafunzi. Alianza kulala mchana kwa kuchoka na kushtuka kwa mlio wa kijiko. Miaka tisa kosa lake lilikuwa la mtu mmoja kukaa kimya. Sasa lilikuwa limeandikwa, lina picha yake, na yeyote mwenye simu aliweza kulisoma.

Siku ya tisa ujumbe uliingia kutoka kwa namba asiyoijua, saa nne asubuhi.

"Habari fundi. Mimi ni yule mlinzi wa jengo la ghorofa saba. Mke wangu amenionyesha habari zako, hongera sana. Nina swali moja tu, ukipata nafasi pita kibandani."

Alikaa kwenye ndoo iliyopinduliwa. Alifikiria kuizima simu. Alifikiria kusema amepata safari. Aliona mbele ya macho yake polisi, mahakama, binti yake akiandika jina la baba yake kwenye faili za ofisi ile ile anayofanyia kazi. Siku mbili alizunguka na swali lile kama mtu aliyemeza mfupa. Siku ya tatu hofu ya kutokwenda ilizidi hofu ya kwenda, ndipo akaenda.

Mlinzi alikuwa ameketi kwenye kigoda, mguu mbovu ameunyoosha mbele, kiatu cha mtoto kati ya mapaja. Alipomwona, aliangua kicheko.

"Karibu, mheshimiwa wa mitandaoni! Kaa kwenye hicho kiti, kinacheza kidogo lakini hakijaua mtu."

Fundi akakaa.

"Kaka, sikuiti kwa ubaya," mlinzi akasema, akichoma sindano. "Nimesoma pale kwamba wewe unaisikia lifti ikiwa na kasoro. Nikasema, huyu ndiye wa kuuliza. Nilipakia maboksi thelathini. Boksi moja kilo kumi na mbili. Na mimi mwenyewe, tuseme themanini. Lifti imeandikwa kilo mia sita. Miaka tisa napiga hesabu hiyo na hainipi jibu walilonipa wao. Mke wangu nilimwambia ni uzembe wangu. Watoto wanajua baba aliponza mguu wake mwenyewe. Sasa niambie wewe unayejua: kuna namna maboksi yale yaliweza kuzidi?"

Fundi aliutazama mguu. Alijua neno moja lingemtoa pale salama: labda. Labda yalilowa. Labda mizani ilikosea. Mlinzi angelipokea na kushukuru.

"Hayakuzidi," akasema.

Sindano ikasimama.

"Ilikuwa kamba. Nilitakiwa nipande juu niishike. Sikupanda. Nilisikiliza nikiwa chini, nikatia sahihi."

Mlinzi akaichomoa. Alikiweka kiatu chini taratibu, kama kitu kinachoweza kupasuka.

"Ulijua lini?"

"Siku ile ile."

"Siku ile ile," mlinzi akarudia. Hakupiga kelele. Fundi alitamani apige. "Na ukaja hospitali na machungwa."

"Nilikuja."

"Nikakuomba radhi mimi. Nikakwambia, samahani fundi, nimekuharibia lifti yako."

Fundi akakishika kile kiti kinachocheza.

"Ondoka, kaka. Leo siwezi kukutazama. Lakini pale ulipoandika yale mengine, kaandike na hili."

Jioni ile aliwaketisha mkewe na binti yake, akawaambia. Binti alilia. "Baba, ukiandika hivyo wanakufukuza. Watakushtaki." Mkewe hakulia. Aliuliza tu, "Ndiyo maana ya kuzunguka mtaa?" Akaitikia kwa kichwa. Wasifu wa pili aliuandika kwa mkono wake, nao haukufika maneno hamsini. Ulitaja jengo, tarehe, kadi na jina kamili la mlinzi, ukasema kwamba mzigo haukuzidi na kwamba aliyekosa ni mkaguzi.

Meneja aliusoma amesimama.

"Mzee, umerogwa? Hospitali wanasaini Ijumaa!"

"Basi wasaini wakijua, bosi."

"Hili haliendi popote. Na wewe pia huna pa kwenda hapa tena."

Picha yake iliondolewa mtandaoni kabla hajafika getini. Nakala ya wasifu ule, aliyoifanya barua, alikuwa ameshaipeleka kibandani, imetiwa sahihi, na nyingine kwa wakaguzi wa serikali, ambao ndani ya miezi mitano waliifuta ripoti ya zamani. Mlinzi aliipokea barua kupitia kwa mkewe. Hakutoka kumwona aliyeileta.

Fundi Sikio alipoteza kazi, kiinua mgongo cha miaka ishirini na sita, na leseni ya ukaguzi. Mlinzi alipoteza uzima wa mguu, kazi, na miaka tisa ya kuamini kwamba alijiponza mwenyewe. Hasara ya kwanza ilikuwa haki. Ya pili haikuwa haki, na hakuna barua iliyoweza kuirudisha.